Maoni ya Msomaji wa Tisa

Tulikuwa na nakala moja tu ya kitabu hicho, na wasomaji kumi na wanne. Niliikuta kwenye meza ya mitumba sokoni Kadutu, kati ya vitabu vya upishi na katekisimu zilizotafunwa na panya, nikainunua kwa sababu jalada lilinichekesha: msichana mwenye mabuti ya mpira amesimama juu ya paa, na nyuma yake mbingu imepasuka. Ilikuwa riwaya ya Kifaransa ya vijana, kurasa mia tatu na kitu. Viumbe vinashuka kutoka angani kwenye mji mdogo wa wachimba chumvi. Havisemi, haviombi chochote, ila kila asubuhi vinahesabu watu. Nyumba ikipungukiwa na mtu mmoja kwenye hesabu, wote waliobaki wanachukuliwa. Msichana wa mabuti anamficha mjomba wake ndani ya tangi la maji, maana viumbe hivyo havioni kitu kilicho majini.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Bukavu, mwanamke wa makamo, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba ni mwepesi wa hasira na mgumu wa alama. Kwa miaka mingi, Jumamosi mchana, nimekuwa nikiwakusanya vijana sebuleni kwangu tuzungumze juu ya kitabu. Kwa kuwa nakala huwa moja, kitabu hutembea. Kila msomaji hukaa nacho siku nne, kisha humpelekea mwenzake anayefuata kwenye orodha niliyoibandika mlangoni. Pamoja na kitabu hutembea daftari, limefungwa nacho kwa kipande cha kitenge, na kila mmoja anaandika humo maoni yake bila jina, namba tu. Anayepokea husoma kwanza maoni ya waliomtangulia. Mimi mwenyewe huyasoma mwisho kabisa, daftari likirudi, ili mtoto asiandike kwa kunifurahisha. Nilijivunia sana utaratibu huo.

Na nilikuwa na sheria moja. Nilikuwa nimechoka na maoni ya kunakili kwenye simu, eti riwaya hii inagusa moyo, eti mwandishi ana kalamu ya dhahabu. Nikasema: maoni yoyote yasiyo na mfano kutoka nyumbani kwako ni sifuri. Ukisema msichana huyu ni mjinga, nionyeshe kwa mambo ya kwenu kwa nini ni mjinga. Wakanung'unika, wakazoea.

Hiyo ilikuwa kabla watu wenye silaha hawajaingia mjini na kukaa. Baadaye nilifikiri kuacha, kisha nikaona aibu kuacha. Shule zilifunguka na kufungwa, wazazi walikaa na watoto ndani, na watoto walikuwa wakiniuliza njiani: Madame, tunasoma lini? Nikatoa kitabu cha viumbe vya angani. Nilijiambia kwamba angalau hicho kiko mbali na sisi. Nikifikiria leo jinsi nilivyojiambia hivyo, natamani kujizaba kofi.

Msomaji wa tisa alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, anakaa Cimpunda na mama yake, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mtoto mtulivu, anayeandika kwa kukandamiza kalamu mpaka ukurasa wa nyuma unasomeka kwa vidole. Kaka yake, kijana wa miaka ishirini, tuliambiwa ameenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Vijana wengi walikuwa wameondoka, au walikuwa wameitwa kwenye kile kilichoitwa mafunzo, na walioitwa hatukuwaona tena. Kwa hiyo mtu akisema mwanangu yuko Luhwindja, ulisema Mungu asaidie, ukapita.

Siku moja msichana huyo alinisubiri kwenye korido ya shule.

"Madame, kama sina mufano?"

"Kila mtu ana nyumba," nilimwambia. "Nenda ukatafute."

Nilisema hivyo huku natembea. Nakumbuka nilikuwa na chaki mkononi na haraka ya kwenda mahali ambapo sasa sipakumbuki.

Jumamosi mbili baadaye tulikuwa sebuleni kwangu, wasomaji tisa au kumi, wengine hawakuruhusiwa kutoka. Mvua ilikuwa imetoka kupita na wote walikuwa wameacha viatu vya matope mlangoni. Msomaji wa kumi, kijana mmoja mbishi anayependa kusikika, aliinua mkono.

"Mimi naunga mukono ule wa plafon," alisema. "Ile tangi haina maana. Plafon njo muzuri."

"Plafon gani?" nilimuuliza. "Katika kitabu hakuna dari. Umesoma au umelala?"

Watoto wawili walicheka, kisha wakaacha kwa pamoja. Kijana alimtazama msichana wa Cimpunda, na mimi nikamtazama pia. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni na macho yake yalikuwa sakafuni. Ndipo nilipojua kwamba namba kumi amesoma daftarini, na pengine amewanong'oneza wenzake, jambo ambalo mimi sikulijua.

"Daftari liko kwa nani?" nilimuuliza mbishi.

"Nilishapana. Toka mercredi."

"Kwa namba kumi na moja?"

"Njo vile, Madame," aliitikia.

Namba kumi na moja hakuwepo. Alikuwa msichana anayelelewa na tonton yake, yaani mjomba, na tonton huyo alikuwa karani wa chef d'avenue, mkuu wa mtaa, mtu anayejua nani anakaa nyumba ipi kwenye mtaa. Zamani kazi yake ilikuwa kuandika barua za mazishi na kupatanisha watu wanaogombana kwa ajili ya mfereji. Sasa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na rejesta, nyuma yake wanaume wawili wenye bunduki, anaandika majina na umri wa kila kijana. Watu waliokuwa hawamsalimii walianza kumsalimia mara mbili.

Niliwaambia watoto kwamba kwa leo tumemaliza. Waliondoka bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kutokea kwangu. Msichana wa Cimpunda nilimzuia mlangoni.

"Uliandika nini?"

Alinieleza kwa sauti ndogo hivi kwamba nilipiga magoti kumsikia. Aliandika kwamba tangi la maji ni mahali pabaya pa kuficha mtu, kwa sababu yeyote anayeingia nyumbani kwa watu, hata adui, kitu cha kwanza anaomba maji. Mfano kutoka kwao: wao wamemweka wa kwao juu ya dari ya chumba cha mama, na anashuka kujinyoosha wakati mvua inapiga mabati tu, kwa sababu hapo majirani hawasikii hatua.

"Kaka haiko Luhwindja, Madame."

"Kwa nini uliandika?" Nilikuwa nimemshika mabega, na najua nilimshika kwa nguvu.

"Ulisema mufano ya kwetu," alijibu.

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama unavyoeleza hesabu uliyoifanya kwa kufuata kanuni ubaoni. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote. Nilimwambia arudi kwao, asimwambie mama yake kitu mpaka nifike mimi. Hata hilo lilikuwa woga; sikutaka mama yake anitangulie kwa hasira.

Sikupiga simu. Siku hizo simu tulizitumia kuuliza habari za malaria na bei ya unga. Nilichukua kikapu, nikatia mafungu mawili ya mboga za lengalenga ili nionekane natoka sokoni, nikapanda ngazi za udongo kuelekea kwa tonton yule. Bukavu hakuna njia isiyopanda, na mimi magoti yangu si ya kusifiwa, lakini siku ile sikuyasikia. Kwenye kona ya juu walisimama wawili wenye bunduki. Mmoja alitazama kikapu, akatazama uso wangu, akatazama tena kikapu. Nilitembea polepole. Nilikuwa nahesabu: toka Jumatano hadi Jumamosi, siku tatu, daftari liko ndani ya nyumba hiyo. Labda hajalifungua. Mtu mzima asome kitabu cha watoto cha nini?

Alikuwa barazani, kwenye kiti cha plastiki, miwani puani. Kitabu kilikuwa mezani na daftari lilikuwa wazi juu ya goti lake.

"Karibu, Madame. Ikala chini."

Nilikaa. Nilisema nimepita kumwona msomaji wangu, maana leo amekosa. Alinijibu kwamba mtoto amelala na homa, ndiyo sababu yeye amechukua kitabu, asome badala yake, asije akaniletea aibu ya kuchelewesha wengine.

"Ile kitabu iko na makosa," alisema, akaligonga daftari kwa kidole. "Lakini hii kaye ya batoto nimeipenda. Batoto beko na akili."

Akaanza kunisomea. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kusoma majina ya marehemu mbele ya watu. Msomaji wa kwanza alisema viumbe vya angani havina akili, mji wa chumvi una nini, vingekuja kwetu vingepata dhahabu. Tonton alicheka kidogo. Msomaji wa tatu, ambaye familia yake ilihama kutoka Kalehe, alisema mwandishi hajawahi kukimbia hata siku moja, kwa sababu watu wake wanakimbia na mabegi mgongoni, wakati watu wanakimbia na godoro. "Njo kweli," alisema tonton, "njo kweli kabisa." Msomaji wa tano hakupenda msichana kulia sana. Wa sita alitaka viumbe vielezwe vizuri vinakula nini.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kikapu. Nilijua kila ukurasa unanipeleka wapi. Niliwaza kumnyang'anya, kisha nikawaza kuanguka na kujifanya nimezimia. Mtu mzima, mwalimu, na hayo ndiyo niliyoyapata kichwani.

"Musomaji wa nane," alisoma, "anasema kila mutu angekimbia kwenye kilima." Akafunua ukurasa. Macho yake yalishuka mstari kwa mstari, taratibu, mpaka chini. Niliuona mwandiko wa kukandamiza kalamu, umetokeza upande wa pili. Alilamba kidole akafunua tena. "Musomaji wa kumi," alisema.

Alisoma maoni ya namba kumi kwa sauti ileile. Sikusikia hata neno. Alipomaliza, alitoa kalamu mfukoni, ileile ya rejesta bila shaka, akaniuliza kama ni ruhusa na yeye aandike maoni yake. Nilisema ni ruhusa. Aliandika polepole, akapuliza wino, akafunga daftari na kitabu kwa kile kitenge, akanipa kwa mikono miwili.

"Mutoto hatamaliza na homa hii. Urudishe tu, Madame. Na musipitishe tena."

Nilisubiri mpaka nishuke ngazi, nipite kona ya wale wawili, niingie kwenye uchochoro wa nyuma ya kanisa. Nilifungua. Alikuwa ameandika:

"Musomaji bila numero. Tangi ni mubaya. Plafon pia ni mubaya. Mufano ya kwetu: mardi asubui tutapita ile avenue, na miti mirefu ya kutoboa."

Nilisoma mara nne. Alikuwa amefuata sheria yangu kuliko mwanafunzi yeyote.

Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Ukweli ni kwamba niliogopa zaidi kuliko nilipokuwa nimekaa mbele yake. Mtu anayetaka kuokoa anakuonya. Lakini mtu anayetaka kukamata bila kuvunja dari ya watu anaweza kukuonya pia, kisha akasubiri barabarani. Nilikuwa nimemsikia akicheka kwa ajili ya dhahabu na chumvi, nimeona mikono yake miwili ikinipa daftari, na bado sikuweza kusema ni mtu wa namna gani. Hadi leo siwezi.

Mama wa msichana nilimkuta sokoni, anachambua sambaza kwenye beseni. Niliinama kama mnunuzi nikamwambia yote, kuanzia sheria yangu mpaka maandishi ya tonton. Hakuacha kuchambua. Mikono yake iliendelea kuwatupa wabaya upande na wazuri upande.

"Miezi ine," alisema mwishowe. "Hata mama yangu hakujua. Hata padiri mu confession. Weye unafundisha batoto nini, Madame?"

Nilichagua samaki mmoja, nikamrudisha.

"Unamuamini ule mutu?" aliniuliza.

"Simwamini."

"Mimi pia simuamini. Lakini plafon imekwisha kujulikana."

Akafunika beseni kwa mfuko wa sandarusi, siku ikiwa bado haijaisha na wanunuzi wapo, akasimama. Nikamshika kiwiko. Aliuondoa mkono wangu bila ukali.

Kijana alitoka Jumapili. Namna alivyotoka siandiki, wala saa, wala nguo, wala nani alitembea naye. Mengine katika haya nimeyageuza pia, na anayetaka kuyatafuta atapotea.

Jumanne asubuhi walipita. Msichana alinisimulia mwenyewe, amesimama wima kama anajibu swali la mtihani. Walikuwa watano, wana miti mirefu iliyochongwa ncha. Walitoboa dari ya chumba cha mama mahali kumi na zaidi, vumbi likajaa kitandani. Waliteremsha blanketi moja. Mama alisema ni la kuzibia pale panapovuja, wakalichukua. Tonton alisimama mlangoni na rejesta, akauliza majina, akaandika mawili, la mama na la binti, akapiga mstari chini. Hakumtazama mtu. Kabla ya kutoka aliomba maji ya kunywa, na mama akampa.

Daftari nililichoma siku hiyohiyo kwenye mbabula, jiko la makaa, ukurasa mmoja mmoja kwa sababu karatasi nyingi pamoja hufuka moshi na majirani huuliza. Nilisoma kila moja kabla ya kuitia motoni. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, watoto hawajawahi kuniandikia vizuri vile. Yule wa godoro ningempa kumi na tisa juu ya ishirini, na mimi sitoi kumi na tisa. Ukurasa wa namba tisa uliungua polepole kuliko zote, au hofu yangu iliona hivyo. Nililia, nikajiambia ni moshi, nikajicheka kwa kujidanganya mtu mzima.

Jumamosi hatukutani tena. Wazazi hawakuniambia chochote, watoto tu hawakuja, na orodha niliibandua mlangoni.

Habari ya kijana ilikuja mara moja, wiki tatu baada ya Jumapili ile, kwa mdomo wa mtu aliyeisikia kwa mtu. Alifika, alikula, anasalimia. Mama yake alinifikishia habari hiyo sokoni bila kuniangalia, na aliniwekea samaki wengi kuliko nilivyoomba. Kisha hakuna aliyesalimia tena. Mwezi ukapita, na mwingine. Mwanamke yule haniulizi, kwa sababu anajua nilivyo gizani kama yeye. Tumekubaliana kimoja tu: kwamba binti asijue tumepoteza njia ya habari. Wala mahali alikopelekwa kaka yake hakuambiwa, na anaelewa kwa nini, na nadhani hilo ndilo lililomzeesha.

Ananisubiri kwenye korido, palepale, kila wiki. Haniulizi alipo.

"Madame, kaka iko muzima?"

"Iko muzima," namwambia.

Anaitikia kwa kichwa na kwenda darasani. Ananiamini, kwa sababu mimi ndiye mwalimu ambaye hajawahi kumpa mtoto alama ya huruma. Na mimi nabaki pale nikiwa na madaftari mikononi, sijui kama nimesema kweli au uongo.